Mshenga Mbele ya Kompyuta

Niseme wazi tangu mwanzo: mshenga wangu sikumpenda. Nilimheshimu, nilimnunulia bia, nilimwita papa, yaani baba, kama kila mtu wa mtaa wetu wa Kamalondo, Lubumbashi, alivyomwita, lakini kumpenda, hapana. Alikuwa shefu wa treni mstaafu, rafiki wa marehemu baba yangu, na miaka yote aliyofanya kazi relini alitangaza vituo kwa sauti ambayo mtu aliyelala behewa la mwisho aliamka na kushika mzigo wake. Alipostaafu alirudisha kofia. Sauti hakuirudisha, na filimbi hakuirudisha. Alitembea nayo shingoni juu ya abakosi yake, ile suti isiyo na tai ya watu wa chama, na akitaka kuvuka barabara alipiga filimbi kwanza, na magari yalisimama, maana siku zile za chama kimoja mtu mwenye abakosi na filimbi hukujua ametumwa na nani.

Nilimhitaji kwa sababu ya mchumba wangu. Sisi ni watu wa Maniema, washonaji na wachuuzi wa Kamalondo, na kwetu mama mkwe ni mtu wa kusalimiwa; unakaa naye, unakunywa naye chai, anakuuliza kwa nini umekonda. Mchumba wangu alikuwa Mluba wa kaskazini, watu wa reli na misa ya alfajiri, na kwao sivyo kabisa. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, haongei naye, halitaji jina lake, hakalii kiti chake, na akimwona anakuja njiani lazima apinde kona, hata kama kona yenyewe ni mtaro. Mimi mtaro wa kanisani niliufahamu vizuri. Hali hiyo inaendelea mpaka baada ya harusi, siku mama mkwe mwenyewe atakapompikia mkwe wake kuku mzima, amketishe, na aseme naye neno la kwanza. Kabla ya kuku huyo, kila neno linapita kwa mshenga.

Na kuna jambo lingine la kwao ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Siku tuliyokwenda kuomba binti, tumevaa, tumebeba, mshenga amepaka mafuta mpaka kwenye viatu, wajomba walitusikiliza hadi mwisho kisha wakasema neno moja: hapana. Jikoni, alikokuwa mama mtu, nilisikia mfuniko wa sufuria ukipigwa kwa nguvu, nikajua na yeye amekubaliana nao. Nilikaa siku kadhaa bila kunyoa, nikifikiria kuhamia Kipushi, mpaka mshenga akaja kunicheka. Akasema kumbe mimi ni mjinga wa kutosha. Ukweni jibu la kwanza ni hapana, siku zote, hata kama wameshachagua kitambaa cha sherehe. Familia inayosema ndiyo mara ya kwanza imeonyesha njaa. Hapana ndiyo mlango, alisema, sasa tunabisha. Tukabisha, na mambo yakaanza kutembea polepole, kama mambo yote yaliyokuwa mikononi mwake.

Kazi yangu mimi ilikuwa mashini. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya shaba, katika chumba chenye baridi ambamo mashini kubwa ilikula makadi yenye matundu na kutoa hesabu za mshahara. Baadaye zilikuja kompyuta ndogo za mezani, nikajifunza na hizo, nikawa mtu wa kuitwa huku na huku mjini. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Nilipita Kamalondo na disketi katika mfuko wa shati, zionekane.

Mama mkwe alikuwa sekretere katika fuaye moja pale pale Kamalondo, nyumba ya masista ambamo wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, na mwisho wakapewa breve, cheti cha kuhitimu. Fuaye ilikuwa imepewa kompyuta kutoka Ubelgiji. Ilikuwa imeshachoka huko, ndipo wenyewe wakakumbuka kwamba wanatupenda. Ilitumia mfumo ule wa zamani wa maandishi matupu: kioo cheusi, herufi za kijani, hakuna picha, hakuna mshale. Unaandika amri, inatii. Ukikosea herufi moja, inakataa. Sista aliyeileta alimfundisha mama mkwe amri chache, ya kuonyesha faili, ya kunakili, ya kufuta, kisha akapanda ndege akarudi kwao. Mama mkwe alizishika vizuri. Ni yeye aliyemshawishi dairekta auze taipureta.

Basi Jumatatu moja mchumba wangu alinifuata Ruashi, ambako nilikuwa nikijijengea nyumba yangu mwenyewe, mikono imejaa udongo. Akasema mama hali chakula tangu Jumamosi. Mashini imekufa. Ndani yake kulikuwa na maksi zote za wasichana wa mwaka ule, na Jumapili breve zinatolewa mbele ya wazazi, mbele ya komisera wa serikali, na ngoma za chama zimeshaalikwa. Bila maksi hakuna breve, wasichana watarudia mitihani yote, na dairekta amesema mama mwenyewe ndiye atakayesimama mbele ya wazazi kueleza. Mama, ambaye parokia nzima ilimjua kama mtu asiyekosea hata koma.

Nikamuuliza karatasi za walimu ziko wapi. Akatazama chini. Zilichomwa, alisema, siku ya salongo.

Kisha akanieleza jinsi mambo yanavyosimama, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu. Wajomba wake bado wanasitasita juu ya mtu wa Maniema. Mama hajasema kitu mpaka leo. Nikitengeneza ile mashini, nitakuwa mtu mbele yao. Nikiiharibu zaidi, nitafute mke Kipushi, maana yeye hawezi kumkalisha mama yake meza moja na mtu aliyemmaliza. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, ni kazi ya dakika chache. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesahau mshenga kabisa.

Kesho yake tulikutana fuaye. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha linalotazama veranda, na dirishani pazia jembamba. Nilitoa wazo rahisi: mama atoke, niingie, nimalize, niondoke. Mshenga akaingia kuuliza, akarudi na jibu kwamba mama hatoki. Mashini amekabidhiwa yeye, na hajui huyo kijana atafanya nini akiachwa nayo peke yake. Tena kiti kilichopo ni kimoja, na ni chake. Nikasema nitafanya nikiwa nimesimama. Mshenga akanitazama kwa huruma, akasema mikono ya mama imepita kwenye vile vibonye miezi na miezi, nitaweka wapi mikono yangu?

Kwa hiyo nilisimama verandani, mgongo kwenye pazia, uso kwenye ua, ambako wasichana wenyewe walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakipindia vitambaa na kunitazama kama sinema. Mama mkwe alikaa ndani mbele ya mashini. Mshenga alisimama kati yetu, mlangoni. Mimi nitasema, yeye atabeba, mama ataandika, na kioo kikijibu, jibu litarudi kwa njia ile ile.

Nilianza kwa kuomba anisomee kioo kinasema nini. Mshenga akaingia, akasoma, akatoka akiwa amekasirika. Alisema mashini inadai kwa Kifaransa kwamba mkalimani wa amri hayupo.

"Uiambie niko hapa tangu asubuyi," alisema.

Nikamweleza kwamba mkalimani ni faili, moja ya zile za msingi, ile inayochukua maneno ya mtu na kuifikishia mashini. Bila hiyo mashini inaamka lakini haielewi chochote. Mshenga akafikiri kidogo, akasema basi ni kazi ya heshima sana, na aliyeiondoa hakufanya vizuri. Tangu hapo alianza kuwa upande wa mashini.

Nani aliiondoa? Ilinibidi kujua mama alifanya nini kabla haijafa. Swali la kawaida, fundi yeyote analiuliza. Nikamwambia mshenga: muulize aligusa nini. Akatikisa kichwa.

"Neno ya bukwe habaibebaka uchi, mutoto," alisema. "Sherti uivalishe."

Akaenda kulivalisha. Kupitia pazia nilimsikia akiulizia afya ya mama, usingizi wa mama, mvua kama ilimkuta mama njiani, na baada ya safari ndefu hiyo akamalizia kwa methali: mficha uchi hazai. Wasichana wakaacha kushona. Unamwambia mama wa watu habari za uchi, mama wa misa ya alfajiri, ofisini kwake? Akatoka haraka kuliko alivyoingia, akasema mama anataka kujua ni mimi niliyesema hivyo. Nikaapa kwamba si mimi. Akarudi kuapa kwa niaba yangu. Huo ulikuwa uchunguzi wetu, na jua lilikuwa limeshapanda.

Jibu lilikuja kwa mnong'ono, nami nikapewa: mama hakufanya ubaya wowote. Alifanya salongo.

Kwa asiyeijua: salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Kila mtu anatoka na fagio, jembe au reki, anasafisha mbele ya kazi yake, na ole wako watu wa chama wapite wakukute umekaa. Mama mkwe alikuwa ameifagia ofisi, akachoma makaratasi yote ya zamani, yakiwemo ya walimu, kwa sababu maksi zilikuwa zimeshaingia ndani ya mashini na karatasi ziliita mende. Nikamwomba mshenga aulize, kwa nguo zote atakazo, salongo iliishia wapi.

Haikuishia kwenye makaratasi. Mama alikuwa ameketi, akaamuru mashini imwonyeshe kilichomo, na akaona faili ambazo si yeye aliyeziandika. Hakuna mtu katika fuaye aliyezijua. Zilikuwa na majina yasiyo na maana, zimekaa tu mwanzoni mwa orodha, zinakula nafasi. Akazifuta moja moja, kama magugu. Mashini haikulalamika, kwa kuwa ilikuwa imeshaamka, na mashini iliyoamka inaweza kushinda mchana kutwa bila kujua kwamba imeondolewa akili. Akafungua maksi, akaongeza za somo la mwisho, akaamuru zihifadhiwe, na wakati ule ule, katikati ya kuhifadhi, umeme ukakatika.

Nilisikia hayo nikashika nguzo ya veranda. Faili za msingi hazikunitisha, nilikuwa nazo kwenye disketi mfukoni. Lakini maksi zilizokatwa zikiwa njiani ni jambo jingine. Ziko mle, hazijafika, na hakuna anayejua zilipo. Nilimkasirikia mama mkwe kwa sekunde chache, kisha nikashindwa, kwa sababu tulivyolelewa nyakati zile, angefanya nini? Tuliambiwa kila siku kwamba kisichojulikana kiondolewe.

Nikatoa disketi, mshenga akaipeleka kwa mikono miwili kama ekaristi. Mama akaiingiza, akazima, akawasha, na mashini ikaamka kwa akili ya kuazima. Sasa amri ya kwanza: kunakili yule mkalimani kutoka kwenye disketi na kumrudisha nyumbani kwake. Neno moja, nafasi, neno la pili, nafasi, herufi C na nukta mbili. Nilimsomea mshenga taratibu. Akaingia, na nikamsikia akianza: mama wa heshima, mama wa watoto, mkwe wako aliyesimama juani anakuomba, kama si uzito, maana haraka haraka haina baraka…

Vibonye vikaanza kulia, ta-ta-ta-ta, kwa kasi ya ajabu, nami nikafurahi kwamba mama ni mwepesi. Kisha vikanyamaza. Mshenga akatoka kusema mashini imekataa. Tukarudia. Ikakataa tena. Mara ya tatu nikamwomba anisomee herufi kwa herufi kilichoandikwa kwenye kioo, naye akasoma, kwa sauti ya kituo kikubwa: mama wa heshima, mama wa watoto, mkwe wako aliyesimama juani.

Mama mkwe alikuwa sekretere wa kweli. Akisomewa, anaandika. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuchagua ndani ya maneno ya mtu, na mashini ile masikini ilikuwa inatafuta katika tumbo lake programu iitwayo "mama". Wasichana kwenye mikeka walikuwa wamejifunika nyuso kwa vitambaa vyao, mabega yanatikisika.

Nilimsihi mshenga abebe maneno yangu bila nguo, safari hii tu. Alikataa kabisa. Alisema amefunga ndoa nyingi mjini humu na hajawahi kumtupia mama mkwe wa mtu neno tupu, hataanza leo kwa sababu ya sanduku la Wabelgiji. Tulibishana pale verandani mpaka macho yangu yakaangukia filimbi yake. Tukapatana hivi: ataongea atakavyo, methali, salamu, kila kitu, na mama asiguse. Akipiga filimbi, amri inaanza. Akipiga tena, imekwisha.

Ilifanya kazi. Siwezi kueleza jinsi ilivyonikera kwamba ilifanya kazi. Alizungumza juu ya mvua, akapiga filimbi, akatoa amri, akapiga filimbi, na mama akaandika amri peke yake, safi, bila kosa. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kwenye lango kuona treni imetokea wapi. Lakini mkalimani alirudi kwake, tukatoa disketi, mashini ikazimwa, ikawashwa, ikaamka yenyewe. Nilisikia kitu kama pumzi nyuma ya pazia.

Kisha mama akaomba kuonyeshwa maksi. Faili ilikuwepo kwa jina, na ndani yake hakuna kitu. Mshenga alinipa habari hiyo kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo. Alisema mama ameweka mikono mapajani na anatazama kioo tu.

Ilibaki amri moja, ya kukagua diski. Ile inapita chumba kwa chumba kutafuta vipande vilivyopoteza mwenyewe, na ikivikuta inauliza vifanywe nini. Mtu mwenye akili angeamuru ikague kwanza bila kurekebisha, aone. Lakini taa ya veranda ilikuwa imeanza kukonyeza, na sisi wa Lubumbashi tunajua taa ikikonyeza inataka kusema nini. Nikaamuru ikague na kurekebisha papo hapo. Filimbi, amri, filimbi. Tukangoja. Diski ilikuwa ikisaga ndani kama mtu anayekula karanga mbichi.

Mshenga akasoma jibu akiwa ndani, kwa sauti yote, na ua mzima ukasikia. Mashini imekuta minyororo iliyopotea. Inauliza kama iigeuze kuwa faili. O au N.

O ni ndiyo ya Kifaransa, N ni hapana. Ukijibu O, inakusanya vipande vyote na kukupa mkononi. Ukijibu N, haikuulizi mara ya pili: inavihesabu vipande vile kama kiwanja kitupu, inavigawa, na kilichoandikwa juu yake umeshakiaga. Nilivuta pumzi nimwambie mshenga O. Sikuwahi. Yeye alikuwa ameshainama kumnong'oneza mama, na kunong'ona kwake ni kusema kwa watu wengine.

"Banatuuliza, mama. Ya kwanza tunakatala," alisema. "Njo heshima."

Nilisikia kiti kikilia, kama mtu anayejisogeza kufikia kibonye. Nikageuka. Sikufikiri juu ya desturi, wala wajomba, wala harusi. Niliona wasichana wale wote wakirudia mwaka, na mama mmoja amesimama Jumapili mbele ya komisera bila karatasi mkononi, na nikapiga kelele kwenye pazia kwa nguvu zangu zote:

"Mama, usifinye N! Finya O!"

Kila kitu kikasimama. Msichana mmoja alijichoma sindano, akanyamaza nayo. Mshenga akatokea mlangoni, mdomo wazi, filimbi inaning'inia. Nilikuwa nimemsemesha mama mkwe. Si kumsemesha tu. Neno langu la kwanza kwake lilikuwa amri, tena kwa kelele, tena mbele ya watu. Kwao watu wamerudishiwa mahari kwa mambo madogo kuliko hilo. Nilijiona nikibeba tofali zangu moja moja kuelekea Kipushi.

Ndipo nikasikia sauti yake. Mpaka siku ile nilikuwa nimesikia minong'ono tu. Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu anayesoma barua aliyomaliza kuandika.

"Papa, umwambie ule kijana: mi sikusikia kintu," alisema. "Tena umwambie, O nilishaifinya."

Mshenga alinigeukia. Nilimwona akitafuta nguo ya kuyavalisha maneno yale, akakosa. Ikabidi aniletee yalivyo: mama hajasikia kitu, na O ameshafinya. Kisha akaketi kwenye ngazi akajifuta uso kwa kitambaa cha msichana.

Mashini ilitoa faili moja, isiyo na jina ila tarakimu. Mama akaifungua. Maksi zilikuwemo, zote, mpaka za somo la mwisho. Mwishoni tu kulikuwa na takataka, alama alama za ajabu zinazoachwa na vipande vilivyoungana vibaya, na mshenga akaitwa ndani kuzitazama. Akatoka akiwa amerudiwa na sauti yake, akatangaza kwamba kuna nyuso ndogo zinazocheka, na baada yake mioyo. Mioyo kabisa, kama ya karata. Nilimweleza kwamba ni herufi zilizovurugika, hazina maana yoyote. Alinipuuza. Jioni hiyo alizunguka Kamalondo yote akieleza kwamba hata mashini ya Wabelgiji imekubali ndoa, na bia zote alizokunywa katika mzunguko huo aliziandika kwa jina langu.

Jumapili breve zilitolewa. Niliangalia nikiwa nje ya ua, nimeinama nyuma ya miti ya uzio, kwa sababu mama mkwe alikuwa jukwaani na sikuwa na haki ya kumwona. Ngoma za chama zilichezwa, komisera alihutubia mpaka watoto wakalala, kisha wasichana wakaitwa mmoja mmoja, na karatasi zilizotoka kwenye ile mashini hazikuwa na kosa hata la koma. Juu ya kelele zangu hakuna aliyesema kitu. Wajomba waliuliza, mshenga akajibu kwamba mama hakusikia, na kama mama hakusikia, basi hakuna kilichosemwa. Mwaka ule ule tukaoana.

Siku ya kuku ilifika baadaye, nyumbani kwao, baada ya misa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, ya kumshukuru mama kwa malezi ya binti yake. Niliketishwa mezani. Mshenga aliketi pembeni, shahidi, na kwa kuwa shahidi naye anakula, alikuwa ameshajichukulia shingo. Bukari, ugali wetu, ikawekwa, kuku mzima akawekwa, na mama mkwe akakaa mbele yangu, akainua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nilishangaa kuona ni mfupi.

"Ile siku ya mashini," alisema. "Ulinipigia makelele juu ya nini?"

Hotuba yote ilinitoka. Nilimtazama mshenga anisaidie, akawa anashughulika na mfupa. Nikajibu mwenyewe, nikigugumia, kwamba papa alikuwa amemwambia akatae, na angefinya N kila kitu kingepotea, na mimi niliogopa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakata paja la kuku, akaliweka katika sahani yangu.

"Mi kidole ilikuwa ku O tangu mbele," alisema. "Huyu papa minamujua ye na zake. Na ile siku mulikuya kuomba mutoto, ile hapana ilikuwa ya bandugu zangu. Mi nilipiga sufuria juu ya hasira na bo. Ile hapana haikukuwa yangu."

Nilibaki na bukari mkononi, sijui niipeleke wapi. Mshenga alikohoa, akaanza kutafuta methali inayofaa. Mama mkwe akamwambia anyamaze, kisha akaniambia nile, kuku anapoa.